Mwendo wa Alama ya Mwisho

Malalamiko ya fundi Chiwanga yaliletwa mezani kwa Tusekile kwa sababu hakuna mwingine pale ofisini aliyejua kusoma mikono, yaani lugha ya alama ya viziwi ilivyoandikwa. Karani wa mikataba aliyeyaleta alikuwa ameshayacheka na wenzake.

"Huyu mzee ni wa ajabu, dada," alisema. "Hii ni mara ya saba analalamika kwamba amebakishwa huko juu bila ridhaa yake. Halafu kila akifika mwisho wa barua, anakubali."

Tusekile akaifungua barua kwenye kioo. Maandishi ya mikono yakashuka kwa safu, kutoka juu kwenda chini, kama alivyozoea kuyaona tangu utotoni. Umbo la mkono, kisha upande ambao kiganja kinatazama, kisha mshale mdogo unaoonyesha mkono unakwenda wapi. Alisoma polepole, huku vidole vyake vikitikisika kidogo juu ya meza, vikiifuata barua bila kuambiwa.

*Naandika tena. Mwaka ule mliniuliza kama nitabaki kwenye Gurudumu mpaka mwisho wa maisha yangu. Niliwajibu. Leo nawajibu tena, na jibu ni lile lile:*

Chini kabisa kulikuwa na ngumi. Ngumi tupu, isiyo na mshale.

"Unaona?" alisema karani. "Ngumi ni kukubali."

"Ngumi ikitikiswa kwenda chini ni kukubali," alisema Tusekile. "Ikizungushwa kwenye kifundo cha mkono ni kukataa. Hii haijafanywa lolote. Huyu ni mtu aliyeinua mkono akaachwa hivyo hivyo."

Karani akainua mabega, akarudi kwenye chumba chake. Tusekile akaendelea kuitazama ile ngumi.

Yeye hakuwa mtu wa mikataba. Kazi yake ilikuwa kulea kiini cha Shina, ile lugha ya kompyuta iliyotumika kuandikia karibu kila kitu kati ya ardhi na Gurudumu, kituo kile cha anga za juu: mitambo ya hewa, orodha za chakula, barua, mikataba. Watu maelfu waliandika kwa Shina. Waliokuwa wakishika kiini chenyewe, yaani yale maandishi ya ndani yanayoifanya Shina ijue herufi ni kitu gani, walikuwa wanne tu, na pale Iringa alikuwa yeye peke yake.

Kwa hiyo aliacha mambo mengine yote, akaishusha barua ya Chiwanga mpaka kwenye namba zake. Kila herufi ya dunia ina namba yake katika orodha ya Yunikodi, na maandishi ya mikono nayo yana zake. Ila alama moja ya mkono si namba moja. Ni namba tatu zinazofuatana, na ya tatu, ile ya mwendo, haisimami peke yake. Inakaa juu ya zile mbili zilizotangulia. Alihesabu. Kila alama katika barua ilikuwa na namba tatu, isipokuwa ya mwisho, iliyokuwa na mbili.

Akazifungua zile barua sita za nyuma. Kila moja ilikuwa na namba mbili mwishoni.

Ilipofika saa nane mchana alikuwa amelipata kosa. Lilikuwa la mistari mitatu, na lilikuwa na umri wa miaka arobaini. Kabla ya kuhifadhi maandishi yoyote, Shina ilikuwa inapunguza nafasi tupu zinazobaki mwishoni, kama mtu anavyokung'uta makombo mezani. Ili kujua ipi ni tupu, iliuliza kila herufi swali moja: je, wewe unachukua nafasi kwenye mstari? Iliyosema hapana ilifutwa. Na mwendo hauchukui nafasi yake mwenyewe. Lugha nyingine zenye alama juu ya irabu zilikuwa zinatumia herufi zilizokwisha kuunganishwa, ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Waliokuwa wanakatwa ni wale wanaoandika kwa mikono, kwenye alama ya mwisho tu, na kilichokatwa hakikuwekwa popote.

Akaandika maelezo ya kosa kwa utaratibu wa siku zote. Mahali palipoandikwa "nani ameathirika" vidole vyake vikasimama.

Alikuwa na barua mia moja hamsini na sita nyumbani. Za mama yake. Zote zilimalizikia kwenye alama ile ile: kiganja wazi, kimemtazama msomaji, hakitembei. Kwenye kamusi, kiganja wazi kisichotembea ni *kaa*.

*

Mama yake, Atuganile, alipanda kwenda kwenye Gurudumu Tusekile akiwa na miaka kumi na minne. Kituo kile kinazunguka bila kupumzika, na watu wanaosikia hawakukiweza. Walitapika wiki nzima, wengine mwezi, wakashushwa wakiwa mifupa mitupu. Viziwi wengi hawakuhisi chochote. Ugonjwa uliowanyima masikio ulikuwa umewaondolea na kizunguzungu. Basi wakaajiriwa wao, mia tatu na kumi na wawili, kufuma ule utando mwembamba wa kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, ambao hauwezi kufumwa vizuri mahali penye uzito wa dunia.

Njia ya mawasiliano ilikuwa nyembamba na picha zilizuiwa. Kila fundi aliruhusiwa barua moja kwa mwezi. Tusekile alizisomea Tukuyu, jikoni kwa mama mdogo, akizirudia kwa mikono yake ili aone mama angezisemaje. Alipotimiza miaka kumi na minane akapata haki ya kiti kimoja kwa mwaka katika chombo cha wageni. Na kila mwaka, mwezi wa saba, barua ya mama ilisema hivi: *Chombo cha wageni kinakuja mwezi wa nane. Mimi nipo. Wewe,* kisha kile kiganja.

Wewe kaa.

Aliumia, ila hakubishana. Alidhani mama amepata maisha mengine kule, na wenzake wanaozungumza kama yeye, na kwamba binti anayesikia angekuwa mgeni wa kumsumbua. Kila mwaka alijibu maneno mawili: *Sawa, mama.* Akasomea Shina kwa sababu ndicho kitu pekee alichojua kwamba mama anakigusa kila siku. Miaka miwili iliyopita moyo wa Atuganile ulisimama akiwa kazini. Barua ikaja kutoka ofisini, ikiwa na herufi za kawaida zisizopungua hata moja.

Kiganja wazi kikivutwa kifuani ni *njoo*. Kikisukumwa mbele ni *nenda*, yaani endelea na shughuli zako. Tusekile alikaa na hilo mezani pake, katikati ya mchana, watu wakipita na vikombe vya chai.

*

Kwa uchunguzi wa hitilafu aliruhusiwa dakika kumi za picha. Picha ilikuwa ya upande mmoja; alimwona Chiwanga, ila Chiwanga alipokea maandishi yake tu.

Alikuwa mwanamume wa miaka kama hamsini na minane, mwembamba, nywele zimepungua kwenye paji. Alikaa mbele ya mashine yake ya kufumia, mikono imetulia mapajani.

*Shikamoo, baba,* aliandika Tusekile. *Mimi ni mlezi wa kiini cha Shina. Nina swali moja. Ulipoulizwa kama utabaki mpaka mwisho, ulijibu nini?*

Chiwanga alisoma. Kisha akainua ngumi, akaileta karibu na kioo kama mtu anayemwonyesha mtoto kitu, akaizungusha kwenye kifundo. Akaizungusha tena. Akaizungusha mara ya tatu, polepole kabisa.

"Nilikataa," alisema kwa mikono. "Nina dada yangu kule Bahi. Nilikuja kwa miaka kumi. Miaka kumi ikaisha, nikaambiwa nimekubali kubaki. Nikadhani labda mwandiko wangu mbaya. Nikaanza kuandika kwa mkono wa taratibu. Bado mnaniambia nimekubali."

*Mwandiko wako ni mzuri,* aliandika Tusekile. *Kosa ni letu.*

Mzee aliusoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Miaka sita," alisema. Kisha dakika zikaisha.

*

Mhandisi mkuu, Bwana Kihwele, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimsikiliza Tusekile mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya maana, akavua miwani.

"Kulirekebisha kuanzia leo si shida," alisema.

"Si shida, mzee. Mistari mitatu. Nimeshaiandika."

"Na yaliyokwisha kukatwa?"

"Hayarudi. Yalifutwa kabla ya kuhifadhiwa. Kinachowezekana ni kuweka kisanduku kitupu mahali mwendo ulipokuwa, ili kila anayesoma ajue hapa pamepotea kitu."

"Kwenye mikataba pia?"

"Kwenye kila kitu. Kiini hakijui hii ni barua na huu ni mkataba."

Kihwele akainuka, akaenda kusimama dirishani. "Mikataba mia tatu na kumi na miwili ya kuongeza muda," alisema. "Yote jibu lake ni alama moja, na alama hiyo ndiyo ya mwisho. Ukiweka visanduku vyako, asubuhi yake hatuna mkataba hata mmoja. Wakiamua kushuka wote, utando utafumwa na nani? Kuna wagonjwa elfu arobaini wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki."

"Najua."

"Mimi sisemi tufiche. Nasema tujaze. Una maandishi yao ya miaka yote. Tengeneza kijazio kinachotazama kila mtu anavyoandika, kinachotazama sentensi iliyotangulia, kirudishe mwendo unaoelekea zaidi. Mara tisa kati ya kumi kitapatia. Watu watapata barua zao nzima. Unafikiri mtu anataka nini, Tusekile, barua ya mama yake au kisanduku?"

Hakuwa amekusudia kumchoma. Hakujua habari za Atuganile. Tusekile hakuwahi kumwambia mtu pale ofisini.

"Nipe siku tatu," alisema.

*

Kijazio hakikumpa taabu. Siku ya pili, kabla ya mchana, kilikuwa tayari, na Tusekile alifanya jambo ambalo alijua toka mwanzo kwamba atalifanya. Alileta barua za mama yake kutoka nyumbani, zote mia moja hamsini na sita, akazipitisha.

Alianza na ile ya mwezi wa saba, mwaka alipotimiza miaka kumi na minane.

*Chombo cha wageni kinakuja mwezi wa nane. Mimi nipo. Wewe njoo.*

Mshale ulikuwa pale, mdogo, umeelekea ndani, kifuani. Tusekile aliufuata kwa mkono wake. Alivuta kiganja mpaka kikagusa kifua, akakiacha hapo.

Akafungua ya mwaka uliofuata. *Wewe njoo.* Na iliyofuata. Akafungua na zile za miezi ya kawaida, ambamo mama alisimulia habari za nyanya zilizokataa kuota na za jirani yake anayekoroma bila kujijua, zikaishia *njoo, njoo, nenda, njoo*. Alizisoma alasiri nzima. Ilikuwa kama kumwona mtu aliyesimama miaka mingi na mkono hewani hatimaye anaukunja. Watu waliaga wakaenda zao, jua likahama kutoka meza yake kwenda ukutani. Kwa saa nne alikuwa na mama aliyemtaka.

Alizijua hesabu zinazofanyika ndani yake, maana yeye ndiye aliyeziandika. Kijazio kilikuwa kimepima barua za mafundi wote, kikaona kwamba baada ya *mimi nipo* watu wengi husema *njoo*. Alilijua hilo kila aliposoma, akaendelea kusoma.

Kesho yake ikawa zamu ya mikataba. Alianza na wa Chiwanga. Kijazio hakikusita: mafundi waliopata kuulizwa swali kama lile popote pengine walikuwa wamekubali mara nyingi zaidi kuliko walivyokataa. Ngumi ikapewa mshale wa kwenda chini. *Nakubali.* Akapitisha barua zake saba. *Leo nawajibu tena, na jibu ni lile lile: nakubali.* Ngumi aliyoiona kwa macho yake ikizungushwa mara tatu sasa ilikuwa na mwendo kamili, safi, na hakuna mtu ambaye angekuja kuuliza tena, kwa sababu hapakuonekana palipopungua.

Alijiambia kwamba Chiwanga yu hai, ataulizwa upya, litarekebishwa. Akarudi mwanzo wa orodha, akaishuka kwa kufuata alfabeti, mpaka akafika kwenye jina ambalo hakufikiria kwamba litakuwemo.

Atuganile naye alikuwa ameulizwa, miaka minne kabla ya kufa. Jibu lake lilikuwa ngumi tupu.

Tusekile akaondoa mkono kwenye kibao cha herufi. Kijazio kilikuwa kinasubiri. Angekibonyeza kingempa mama aliyekubali kufia kule kwa hiari yake, na hakutaka kukibonyeza. Kwa nini hakutaka? Jana alibonyeza mara mia moja hamsini na sita bila kupepesa. Mashine ni ile ile, hesabu ni zile zile. Kama hakuiamini kwenye ngumi, aliiamini vipi kwenye kiganja?

Kisha akafungua kijazio chake, akakifuta, na nakala zilizojazwa akazifuta nazo. Zile barua za *njoo* alizifuta moja moja, ingawa ingewezekana kuzifuta zote kwa mara moja. Kila moja alipoifuta alikuwa akiitazama.

Akaandika sheria ya kisanduku. Haikuwa ndefu. Ilisema kwamba kiini cha Shina hakitakata alama katikati yake mahali popote. Kwamba alama isiyokamilika haitafutwa wala haitabuniwa. Itawekewa kisanduku kitupu na itabaki hivyo mpaka aliyeiandika mwenyewe aseme.

*

"Kwa hiyo umeamua kwa niaba ya wote," alisema Kihwele.

"Kijazio ndicho kingeamua kwa niaba ya wote, mzee. Hiki kinawarudishia swali."

"Na wagonjwa?"

"Wapo wanaoweza kuumia," alisema Tusekile. "Ila utando huo unafumwa na watu ambao labda walisema hapana. Mimi nimemwona mmoja."

Kihwele alizungusha miwani mkononi. "Angalau nipe mikataba peke yake. Jaza mikataba, barua ziache na visanduku."

"Mama yangu alikuwa kule," alisema Tusekile. "Atuganile. Amekufa kule. Nilijaza barua zake zikaniambia nilichotaka kusikia miaka kumi na tano. Nimezifuta. Nikiweza kuzifuta hizo, mikataba siwezi kuijaza."

Mhandisi mkuu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hakumpa pole, na Tusekile alishukuru kwa hilo. Alivuta karatasi ya idhini, akaisoma yote toka juu mpaka chini, akasaini.

"Mwezi ujao nitalazimika kukutoa kwenye kiini," alisema. "Watataka mtu wa kutolewa."

"Najua."

Mambo yalikwenda kama Kihwele alivyoogopa, ingawa si yote. Visanduku vilitokea kwenye mikataba mia tatu na kumi na miwili. Njia ya picha ikafunguliwa kwa mafundi wote kwa mara ya kwanza, na kila fundi aliyekuwa hai akaulizwa upya, ana kwa ana, kwa mikono. Wengi walisema walikubali na bado wanakubali. Kule ndiko kwao, hakuna anayewapigia kelele. Sabini na mmoja walisema walikataa. Utando ukapungua. Kwa miezi mitano wagonjwa waliozoea kusafishwa mara tatu kwa wiki walisafishwa mara mbili. Mwanamke mmoja wa Songea alimwandikia Tusekile kwa jina: *Mume wangu aliumwa sana kwa sababu ya kazi yako. Sijakulaumu, lakini nimeona ujue.* Tusekile aliiweka barua ile pamoja na za mama yake.

Akatolewa kwenye kiini. Kwa kuwa alijua mikono, alipewa kazi ya kuwapokea wanaoshuka.

*

Chombo cha tatu kilitua kwenye mbuga ya Bahi mwezi wa kumi, asubuhi, juu ya udongo uliokauka ukapasuka kama sahani. Chiwanga alishushwa kwenye kiti cha magurudumu. Mifupa yake isingeubeba mwili wake kwa miezi kadhaa. Alikuwa amefumba macho kwa sababu ya mwanga, na alipoyafumbua alitazama chini, kwenye udongo, siyo mbali.

Tusekile akaja mbele yake, akachuchumaa ili waonane. "Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyekuandikia kuhusu Shina. Dada yako yuko kwenye gari, nje ya uzio. Hawajamruhusu kuingia. Unataka maji?"

Chiwanga alikuwa anaitazama mikono ya Tusekile.

"Maji," alirudia, akiiga alivyofanya yeye, vidole viwili chini ya kidevu. "Hapa kwetu hatusemi maji hivyo. Kule juu alisema hivyo mtu mmoja tu. Nani alikufundisha?"

"Mama."

Mzee akapitisha kidole gumba juu ya nyusi yake ya kushoto, mahali Atuganile alipokuwa na kovu. Lilikuwa jina lake la alama. Tangu mama apande Tusekile hakuwa ameliona kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Ndiye," alisema Tusekile.

"Basi wewe ni yule wa kwenye orodha."

"Orodha ipi?"

"Ya wageni." Mikono yake ilikwenda polepole, uzito wa dunia ulikuwa mgeni kwake. "Kila mwezi wa nane. Alikuandikisha jina, akakuombea kitanda. Mara tisa. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia zamu siku hizo."

Tusekile akaweka magoti kwenye udongo. "Kwa nini aliniandikisha? Aliniambia nikae."

"Nani alikuambia?"

Akamwonyesha: kiganja wazi, kimetulia.

Chiwanga akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wake, akashika kifundo cha mkono wa Tusekile, akakivuta mpaka kiganja kikagusa kifua cha Tusekile mwenyewe. Akakiachia.

"Hivi," alisema. "Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alikuwa akiiandika, ananiuliza kama mwendo umekaa vizuri. Nikamwambia umekaa vizuri. Jibu likaja, *Sawa, mama*. Akalionyesha kwa watu wote wa zamu yetu."

Upepo ulipita na vumbi, wakafumba macho wote wawili, wakayafumbua.

"Hakuniuliza kwa nini sikuja," alisema Tusekile.

"Tulimwambia akuulize. Akasema, aliyeondoka ni mimi, mtoto nilimwacha na miaka kumi na minne, sina haki ya kumhoji. Akija, amekuja. Mwaka uliofuata anakuandikisha tena."

"Alingoja muda gani?"

"Anakwenda mlangoni kabla chombo hakijafungwa vizuri. Anasimama mpaka mgeni wa mwisho atoke, na mlango ufungwe. Halafu anarudi kwenye mashine, ananigusa bega, ananiambia, haya, nipe zamu yangu."

Tusekile aliinamisha kichwa. Mzee akamsubiri, kwa kuwa hawezi kusema na mtu asiyemtazama. Alipoinua uso alikuwa na swali moja zaidi. "Na mkataba? Alipoulizwa kama atabaki, alijibu nini?"

"Hilo silijui," alisema Chiwanga. "Kila mtu aliulizwa peke yake. Hakuniambia, nami sitakubunia."

Upande wa uzio gari likapiga honi, mara moja, kisha tena kwa kurefusha. Chiwanga hakusikia. Tusekile alisikia, akageuka akainua mkono kuomba subira kidogo, kisha akamrudia.

"Dada yako anakuita," alisema. "Nitakusukuma sasa hivi. Ila nikiwa nyuma yako hatuwezi kuongea. Kabla hatujaenda, nisimulie. Anza na mwaka wa kwanza."

"Mara zote tisa?"

"Zote."

Chiwanga alilaza mikono mapajani, akaipumzisha, maana ilikuwa imechoka. Kisha akaiinua.

"Mwaka wa kwanza," alisema, "alisuka nywele."